Maji ya Chumvi Katika Bunduki ya Ba Chola

Kafutuma, upande wa Nchelenge
Januari 1999

Yaya Kabedi, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote wa nyumba yako. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu, maana mvua zikianza huwa unamsumbua. Mimi mwili uko mzima. Nakula, natembea, nalala kidogo. Hayo mengine utayasoma hapa, na nakuomba usimsomee mama kabla hujafika mwisho. Ukishafika, utaamua mwenyewe nini cha kumwambia na nini cha kumeza.

Najua umekasirika. Barua yako ilinifikia kwa kuchelewa sana, na ndani yake unaniuliza kama nimeoa huku ndiyo maana kalamu imekauka. Sijaoa, Yaya. Nani atamkubali mwanamume anayenuka baruti na samaki? Nimekaa kimya kwa sababu nimefanya jambo baya. Mtu mmoja amekufa na mwingine amevunjwa mkono na kuchomewa nyumba, na yote mawili yanarudi kwangu. Wavuka ziwa wataileta habari hii huko Mitwaba kwa namna yao. Nataka uisikie kwangu kwanza.

Nilikuandikia zamani kuhusu Ba Chola, yule mvuvi aliyenipokea nilipovuka mwaka wa vita vya kwanza, askari walipokuwa wakitafuta kila mtu anayejua kutengeneza bunduki. Alinikuta gatini pale Nchelenge na mfuko mmoja, akaniuliza najua kazi gani. Nikamwambia baba yetu alikuwa fundi wa magobole, yaani hizi pupu zetu za kushindilia baruti kwa mdomo. Akacheka, akasema yeye analo moja la mjomba wake, lina karatasi zake zote za serikali, ila halina mtu wa kulipenda. Tangu siku hiyo nikalala katika kibanda cha nyuma ya nyumba yake. Asubuhi namsaidia nyavu, na akitoka kuwinda kanga au bata wa kwenye matete, akirudi bunduki ni yangu.

Sina haja ya kukufundisha wewe kazi hii. Wewe ndiye uliyekuwa ukichemsha maji ya baba. Nakumbuka ile sufuria yake nyeusi, ambayo hata mama hakuruhusiwa kuigusa, na siku niliyopikia sombe, majani yetu ya mihogo, ndani yake ukanipiga kwa mwiko mpaka mwiko ukapasuka. Nililia, nikasema dada yangu ana roho mbaya, anapiga mtu kwa sababu ya sufuria. Baba hakunitetea. Alisema sombe lina chumvi, na chumvi ikiingia katika mtutu inakula chuma kimya kimya. Kisha akakutuma ukaisugue kwa mchanga na majivu mara saba.

Huku niliendelea hivyo hivyo, na nilijivuna kwa hilo. Ba Chola akirudi, kabla ya kula chochote, nautoa mtutu katika mbao, nafungua kile kichuma kidogo chenye tundu ambamo moto wa fataki unapita, nachemsha maji yangu mwenyewe, naosha. Maji ya kwanza yanatoka meusi, ya pili ya kijivu, ya tatu yanatoka kama yalivyoingia. Nakausha kwa kitambaa kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, napasha mtutu karibu na moto, napaka mafuta ya figo ya mnyama yaliyoyeyushwa bila chumvi. Na asubuhi yake nafuta mafuta, naweka fataki tupu bila baruti, naelekeza mdomo wa bunduki kwenye majivu, nafyatua. Majivu yakiruka, njia iko wazi. Watu wa hapa walikuwa wakija kuangalia majivu yakiruka. Waliniita fundi, na mimi nilikubali kuitwa.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, siku chache kabla ya serikali kufunga uvuvi, kila mtu hapa anavua kwa nguvu zake zote na kila mwanamke anatia samaki chumvi. Siku hiyo Ba Chola alikwenda kwenye matete na rafiki zake, wakapiga bata tangu jua linachomoza. Alirudi saa tisa mchana na bata kumi na mmoja na bunduki chafu kuliko nilivyowahi kuiona, mdomo wote umeota ukoko. Uani hapakuwa na chombo kisicho na kazi. Ndoo zote, mabeseni yote, yalikuwa na samaki. Juu ya moto palikuwa na pipa la nusu, maji yanachemka. Mke wake, Bana Mutale, alikuwa akiyeyushia chumvi yake ya mawe humo.

Na wakati huohuo mtu akapita njiani akisema boti ya Kilwa, ile ya upande wetu wa Kongo, imeingia Nchelenge.

Yaya, miezi mitano nilikuwa sijapata neno lolote kutoka kwenu. Redio ilisema vita, wavuka ziwa walisema vita, na mimi sikujua kama mama yu hai. Mtu mwenye baiskeli alikuwa anaondoka kwenda gatini, akasema kama nataka kupanda nipande sasa. Kutafuta chombo safi, kwenda ziwani, kuwasha moto mwingine, kungoja maji yachemke, ilikuwa ni kuiacha ile baiskeli. Basi nikachota maji ya pipa lile. Nilijua ni ya chumvi. Usije ukanitafutia udhuru kwamba sikujua. Niliyaona mawe ya chumvi yenyewe yakizunguka chini. Nikasema moyoni, nitasuuza baadaye kwa maji mengine. Nikaosha mara tatu, nikapaka mafuta tele juu, nikaifunga, nikaitundika, nikapanda baiskeli.

Barua haikuwepo. Sisemi kosa ni lako, nakueleza tu nilikuwa nakimbilia nini.

Nilirudi jua likizama, nimechoka na nimenuna, nikaitazama bunduki ukutani inang'aa kwa mafuta, nikaiacha. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeiweka fataki tayari, na majivu yako mbele yangu, habari ikaja kwamba dada mkubwa wa mkuu wa kijiji amefariki. Hapa kukiwa na kilio hakuna mlio wa bunduki kijijini, hata wa fataki tupu, mpaka siku ya kumaliza msiba. Nikairudisha ukutani. Na nitakuambia ukweli, nilishukuru. Nilikuwa na wasiwasi na yale majivu.

Wiki tatu zikapita, mvua kila siku. Msiba ulikuwa bado haujamalizwa.

Kisha kiboko akaanza kutoka ziwani kula mahindi machanga. Asubuhi ya tatu, kumekucha kabisa, alikuwa bado katikati ya shamba la Bana Mutale, hataki kurudi majini. Watu wakapiga madebe. Mkuu wa kijiji mwenyewe akatuma neno kwamba hata kama kuna kilio, Ba Chola atoe bunduki. Aliishindilia mbele yangu haraka haraka, baruti, kitambaa, risasi kubwa ya chuma. Akaniuliza kwa macho tu. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Alisimama upande wa ziwa. Wewe hujui viboko, lakini kila mtoto wa huku anajua kwamba husimami kati ya kiboko na maji. Yeye alisimama pale kwa sababu aliiamini bunduki, na alitaka risasi iende upande wa nchi kavu ambako hapakuwa na mtu, maana wanawake walikuwa wamejaa ufukweni. Kiboko alipogeuka, Ba Chola alingoja mpaka amekaribia. Nyundo ikaanguka. Fataki ikalia, bunduki ikanyamaza. Akaweka fataki nyingine. Ikalia tena, bunduki ikanyamaza tena. Hakupata nafasi ya tatu. Kiboko alimpiga, akapita juu yake akaingia majini, naye akafa palepale mahindini kabla hatujamfikisha njiani.

Nilimpenda mtu yule. Siku moja nilipougua malaria alinibeba mgongoni hadi zahanati, na njiani akanitania kwamba Wakongo ni wazito kwa sababu ya bukari, ugali wetu. Nilimbeba mimi sasa, na sikuweza kulia mbele za watu kwa sababu nilikuwa nawaza ile chumvi.

Baada ya maziko, wanaume walikusanyika kwa mkuu wa kijiji. Bunduki ililazwa juu ya mkeka. Mkuu akaniita, akaniuliza mbele ya wote kama ilikuwa na ugonjwa wowote. Kuna dakika moja, Yaya, ambayo ningeweza kusema. Walinitazama kama fundi. Nikafikiri watanifukuza, nikafikiri askari wa ng'ambo, nikafikiri jina la baba. Nikasema bunduki ilikuwa safi, niliiosha mwenyewe kwa mikono yangu.

Mtu mmoja nyuma akasema polepole kwamba basi imefungwa. Hata huko kwetu wanasema hivyo, unajua. Bunduki mbovu ikinyamaza ni chuma tu. Bunduki nzima ikinyamaza, kuna mtu ameifunga kwa dawa. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Na kabla sijafunga mdomo wangu nilisikia jina la Ba Kaoma likipita kati ya watu.

Ba Kaoma ni mzee anayesuka migono ya samaki, anakaa peke yake mwisho wa kijiji. Ujanani alifanya kazi katika migodi ya Likasi, kwa hiyo anazungumza lugha yetu, na jioni nyingi nilikwenda kukaa naye ili tu masikio yangu yasikie nyumbani. Mwezi mmoja kabla, aligombana na Ba Chola kwa sababu ya mahali pa kutega migono. Waligombana kwa sauti, wakapatana kwa pombe, yakaisha. Lakini watu walikumbuka sauti, pombe wakaisahau.

Kesho yake mchana alinijia kibandani. Hakukaa. Aliangalia nje kwanza, akasema:

“Mwana, niambie mi peke yangu. Ile bunduki ilikuwa muzuri kweli?”

Nikamwambia, “Ilikuwa muzuri, Tata.”

Akakuna kidevu. Kisha akasema, “Basi kama bunduki ilikuwa muzuri, mi njo mubaya.”

Yaani yeye ndiye watakayemwita mchawi. Akaenda zake. Nilimwona akipita kati ya nyumba, watoto wakiitwa ndani na mama zao. Ningeweza kumkimbilia, palikuwa na hatua ishirini tu.

Siku mbili baadaye vijana wa ukoo wa marehemu walichoma nyumba yake mchana kweupe, na migono yote aliyoisuka kwa msimu mpya. Walimvunja mkono wa kulia kwa mpini wa jembe. Nilikuwepo. Nilisema kwa Kibemba changu kibovu wamwache, ni mzee, na mmoja akanijibu kwamba wewe ndiye uliyesema bunduki ilikuwa safi. Wanawake wa kanisa wakamtoa, wakampakia katika gari la samaki linalokwenda Chienge, aliko mpwa wake.

Baada ya hapo sikuweza kula. Mkuu wa kijiji alikuwa ameniachia bunduki niitunze mpaka warithi waamue. Nikaipeleka kibandani, nikakaa nayo mlangoni kwenye mwanga, nikajaribu kufungua kile kichuma chenye tundu. Kilikataa. Nikakitia mafuta, nikakipiga, kikatoka na kilio. Ndani palikuwa na tope la kutu jekundu, limeziba njia yote, hata sindano haikupita. Yaya, nilikuwa nikiomba Mungu nikute pasafi. Fikiria mtu anayeomba mwenzake awe mchawi kweli ili yeye apone. Nimekuwa mtu wa namna hiyo kwa siku tisa.

Nilivaa shati langu la Jumapili. Sijui kwa nini, labda nilifikiri wakinipiga baba asione aibu. Nikabeba bunduki na kile kichuma katika kipande cha karatasi, nikaenda kwa mkuu wa kijiji wakati watu wametoka kanisani, wamejaa uani kwake. Nikasema yote. Pipa, baiskeli, fataki niliyoirudisha, uongo wangu. Nikasema Ba Kaoma hakufunga kitu, mimi ndiye niliyefunga, kwa chumvi.

Hawakuamini mara moja. Mtu mwingine akasema labda Ba Kaoma amenitumia ujumbe wa kunitisha. Ndipo Bana Mutale akainuka kutoka kwa wanawake, na kitambaa chake cheusi kichwani. Akachukua kile kichuma kutoka kwenye karatasi, akakiweka ulimini mwake. Mwanamke yule ametia samaki chumvi tangu utoto wake. Alikaa nacho mdomoni, macho yake kwangu, kisha akatema.

“Ni mucele wesu,” akasema. Chumvi yetu.

Hakuna aliyenigusa. Ningependelea wangenigusa. Wazee walianza kubishana kwa sauti za chini, na vijana waliochoma nyumba wakatoka uani mmoja mmoja bila kuaga. Mkuu wa kijiji alisema nisiondoke kijijini mpaka atakaponiita tena.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, Bana Mutale alikuja kibandani amebeba sufuria mpya, ina karatasi ya dukani bado, na kuni. Akaenda mwenyewe ziwani, akachota maji, akawasha moto, akayachemsha. Mimi nimesimama tu. Akaniambia kwa lugha yetu, ile anayotumia kwa wachuuzi wa Kongo:

“Safisha. Mi nitaangalia.”

Kwanza ilibidi kuitoa risasi ya mume wake, iliyokuwa bado ndani na baruti yake. Nikaivuta kwa skrubu ya mdeki, akapokea kiganjani, akaifunga katika pembe ya kitenge. Kisha nikaosha. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili mekundu, ya tatu. Alichemsha tena. Nilikwangua tundu kwa waya, nikaosha mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia, nikakausha, nikapasha, nikapaka. Nilipomaliza akaonyesha majivu ya moto wake kwa kidole. Nikafuta mafuta, nikaweka fataki, nikafyatua. Majivu yaliruka yote, yakamwangukia miguuni.

Alitazama miguu yake. Akasema, “Kumbe ni kazi ya saa moja.” Akaichukua sufuria akaenda nyumbani kwake, na tangu siku hiyo hatujasemezana.

Mkuu wa kijiji ameamua kwamba Ba Kaoma arudi, na mimi ndiye nitakayejenga nyumba yake, tofali kwa tofali, kabla sijafikiria kwenda popote. Nimeshafyatua matofali, mvua inayeyusha nusu, nafyatua tena. Kwa hiyo usinitegemee nyumbani mwaka huu hata vita vikiisha. Siyo adhabu kubwa. Nyumba naweza kuijenga. Kumrudisha mwenye nyumba ndiko nisikoweza.

Maana nilimtuma dereva wa lile gari la samaki amtafute Ba Kaoma kule Chienge, amwambie kwamba nimesema ukweli mbele ya watu wote, jina lake limesafishwa, na ninamwomba msamaha. Dereva amerudi juzi. Mkono unaunga vibaya, anasema, vidole havikunji, hatasuka tena. Nikamuuliza alijibu nini. Dereva hajui lugha yetu, alikuwa ameyakariri maneno kama yalivyo ili asiyapoteze njiani, akayasema akiwa ameshika usukani:

“Muambie ule mwana, kusema mbele ya batu haiumizi. Mi nilimuuliza peke yake.”

Nimekaa na maneno hayo siku mbili, kisha nikatafuta karatasi ya kukuandikia. Nyumba ikifika juu nitakwenda Chienge kwa miguu yangu. Sijui nitasema nini.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, mumeo, na umshukuru kwa kuwatunza wakati mimi sipo. Msalimie shangazi anayekaa karibu na misheni, na katekista aliyetufundisha kusoma, na mjomba mwindaji, ambaye ningependa asome barua hii yote kwa sauti mbele ya wanawe. Barua hii anaileta mchuuzi wa dagaa, mpe chakula akifika.

Na ile sufuria nyeusi ya baba, kama ungali nayo, nakuomba uiweke mahali pa juu. Mtu akija kuiazima kupikia sombe, mnyime. Akisema una roho mbaya, kubali.

Ni mimi mdogo wako,
Ilunga